Krediti ya Baiskeli: Mwili Nao Una Haki ya Kusomeshwa

 

Mama mmoja katika wasomaji wetu ametuletea swali lililotupendeza kwa ugeni wake na kutushughulisha kwa uzito wake. Binti yake anasoma Marekani, katika jimbo la Iowa. Amebakiza krediti moja ya mazoezi ya mwili, na miongoni mwa njia alizoonyeshwa za kuipata ni kujiandaa na kushiriki katika msafara wa baiskeli unaolikata jimbo zima, kutoka mto mmoja hadi mwingine, kwa muda wa wiki moja. Mama huyu anauliza mambo mawili. La kwanza: kuendesha baiskeli ni elimu gani hata chuo kimwandikie mtu alama? La pili: je, mwanangu aende?

Tunafahamu kwamba swali la pili ndilo linalomkosesha usingizi, nasi tutalifikia panapo majaaliwa. Lakini tumeona tuanze na la kwanza, kwa sababu mzazi asiyejua mwanawe anaitiwa nini hawezi kumwambia nenda wala usiende kwa moyo uliotulia. Tena tumeona tulijibu mbele ya wasomaji wote, maana hata asiye na mtoto ng'ambo ana fungu lake katika jawabu hili.

Krediti ni nini

Katika vyuo vya Marekani masomo hupimwa kwa krediti, jambo linalokaribiana na zile uniti wanazozihesabu wanafunzi wa vyuo vyetu. Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji krediti 120. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba krediti moja ni saa moja ya darasa kila wiki, pamoja na saa mbili za kazi nje ya darasa, kwa muda wa takriban wiki 15. Ukijumlisha unapata saa 45 za juhudi. Kwa hivyo krediti ni hesabu ya juhudi iliyosimamiwa na kupimwa, wala si zawadi anayopewa mtu kwa kuhudhuria tu.

Kuuingiza mwili katika hesabu hiyo si jambo la jana. Mwaka 1861 Chuo cha Amherst, katika jimbo la Massachusetts, kilimteua Daktari Edward Hitchcock kuwa profesa wa siha na mazoezi ya mwili. Wakuu wa chuo walikuwa wamewaona vijana wao wakidhoofika kwa kuinamia vitabu, wakahitimu wakiwa wamejaa elimu vichwani na wamekwisha nguvu miilini. Tangu hapo vyuo vingi vya nchi ile vilifuata mkondo huo. Baadhi vimeliacha sharti hilo, lakini vingine vingali vimelishikilia. Chuo mashuhuri cha MIT, kinachojulikana duniani kwa uhandisi na sayansi, hadi leo kinamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza atimize sharti la kuogelea na amalize kozi nne za mazoezi kabla ya kuhitimu. Kama wahandisi hawakusamehewa, basi tujue kwamba waliolipanga jambo hili hawakulifanyia mzaha.

Msafara wa Iowa

Safari ndefu za baiskeli za watu wengi ziko nyingi duniani, lakini Iowa ina moja iliyo na historia yake. Mwaka 1973 waandishi wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Karras na Donald Kaul, walikusudia kulivuka jimbo lao kwa baiskeli na kuandika habari za njiani. Wakawaalika wasomaji wao wafuatane nao. Katika mji wa Sioux City, ukingoni mwa mto Missouri, walijitokeza watu wapatao 300. Walipowasili Davenport, penye mto Mississippi, siku sita baadaye, waliohesabiwa kuwa wameikamilisha njia yote walikuwa 114.

Miongoni mwa hao 114 alikuwamo mzee mmoja wa miaka 83, kwa jina Clarence Pickard. Mzee huyu aliendesha baiskeli kuukuu ya kike, ile isiyokuwa na chuma cha juu, huku amevaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu na nguo za ndani za sufi, katika joto la Agosti. Vijana wenye nguo fupi na baiskeli za mashindano walikuwamo pia. Tunawaomba akina mama wamkumbuke mzee huyu, maana tutamhitaji tutakapofika kwenye suala la mavazi.

Msafara huo ungali unafanyika. Siku hizi huchukua siku saba mwishoni mwa Julai, njia hubadilishwa kila mwaka, na masafa yake kwa wastani ni karibu kilomita 750. Barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Nairobi haifiki kilomita 500. Wasafiri hulala katika mahema kwenye miji midogo, mizigo yao hubebwa na malori, na wenyeji huwauzia vyakula. Desturi yao ni kulichovya gurudumu la nyuma katika mto Missouri wanapoanza, na la mbele katika Mississippi wanapomaliza.

Sasa na tupige hesabu. Mtu anayekwenda kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa atakanyaga kwa muda wa saa 37 na nusu ili akamilishe kilomita 750. Hazijatimia zile saa 45. Tena ni wazi kwamba aliyekaa kitini mwaka mzima hawezi kupanda baiskeli Jumapili moja akakanyaga zaidi ya kilomita 100 kila siku kwa siku saba. Ataumia magoti siku ya pili, na siku ya tatu atapakiwa garini. Kwa hivyo sehemu kubwa ya krediti hiyo hupatikana kabla ya safari: katika wiki za kuamka mapema, kuanza na kilomita 10, kuongeza kidogo kidogo, kujifunza kuziba pancha na kurudisha cheni iliyochomoka, kujua kunywa maji kabla ya kiu na kula kabla ya nguvu kuisha, na kuandika kila siku ulichofanya. Safari ndiyo mtihani, na masomo yake yamo katika miezi iliyoitangulia.

Mama, hilo ndilo jawabu la swali lako la kwanza. Kinachosomeshwa pale ni subira yenye mpango.

Farasi walioandaliwa na wasioandaliwa

Nasi Waislamu hatuna haja ya kulistaajabia jambo hili kama kwamba limeletwa na wageni. Katika Sahihi ya Bukhari, Ibn Umar (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaa mashindano ya farasi Madina. Farasi waliokuwa wameandaliwa kwa malisho maalumu na mazoezi waliwekewa masafa ya kutoka Al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, ambayo mmoja wa wapokezi ameyakadiria kuwa maili tano au sita. Wale ambao hawakuandaliwa walianzia Thaniyyatul Wadaa wakaishia kwenye msikiti wa Bani Zurayq, kama maili moja hivi. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Tuitazame hekima iliyomo. Mtume (s.a.w.) hakuwazuia farasi dhaifu wasikimbie, wala hakuwabebesha masafa ya wenzao. Kila mmoja alipewa njia inayolingana na maandalizi yake. Ikiwa huo ndio uadilifu aliofanyiwa mnyama, vipi kwa mwanadamu? Mzazi anayemwambia binti yake aliyelelewa bila kukimbia hata siku moja kwamba ende kilomita 750 amemdhulumu. Na mzazi anayemwambia asitoke kabisa, akae tu, naye pia hakumtendea uadilifu, kwa sababu amemnyima hata ile maili moja.

Abdallah bin Amr (r.a.) alipozidisha kufunga mchana na kusimama usiku, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Wengi wetu tunaisoma hadithi hii kwa kufikiria chakula na usingizi tu. Lakini haki ya kitu ni kukitumia kwa kile kilichoumbiwa. Miguu imeumbiwa kutembea, na moyo umeumbiwa kupiga kwa nguvu mara moja moja, si kupiga polepole kitini mpaka mishipa izibe.

Wala jambo hili si la wanaume peke yao. Bi. Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), naye akawaamuru watu watangulie mbele, kisha akashindana mbio na mkewe. Bi. Aisha akamshinda. Baada ya muda, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, na mara hiyo Mtume akashinda, akamtania kwamba ile imelipa deni la mara ya kwanza. Ndani ya kisa hiki kifupi mna mambo matatu: mke anafanya mazoezi, mume anashiriki naye kwa furaha, na stara inapangwa mapema kwa kuwatanguliza watu. Stara haikutumiwa kuwa sababu ya kuyazuia mazoezi. Ilitumiwa ili mazoezi yawezekane.

Na Bi. Asma bint Abibakar (r.a.) alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika shamba la mumewe Zubair, umbali wa thuluthi mbili za farsakhi, yaani zaidi ya kilomita tatu. Hakuna anayetilia shaka heshima wala haya ya Bi. Asma.

Anayebaki nyuma

Liko somo jingine katika msafara wa baiskeli ambalo halipatikani kwa mtu kujizungusha peke yake uwanjani, nalo ni adabu ya kwenda pamoja. Anayetangulia hukata upepo, na anayemfuata kwa karibu hupunguziwa hata robo ya nguvu ambazo angezitumia au zaidi ya hapo. Kwa hivyo wenye nguvu hupokezana mbele. Aliye mbele akiona shimo hupaza sauti, na kila mmoja huipitisha sauti hiyo kwa aliye nyuma yake. Gari likija kwa nyuma, wa mwisho ndiye anayewaonya wa mbele. Anayetaka kusimama hutangaza kwanza, asije akamwangusha mwenzake. Ukinyamaza katika msafara wa namna hiyo, mwenzako ataanguka kwa ajili ya ukimya wako.

Mtume (s.a.w.) aliagiza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe kiongozi wao. Alipomweka Uthman bin Abil-As (r.a.) kuwa imamu wa watu wake, alimwelekeza amzingatie aliye mnyonge zaidi kati yao. Na Jabir (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa safarini alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimhimiza aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake na kumwombea dua. Msafara wa Iowa nao una magari yanayopita nyuma kuwaokota waliochoka au waliovunjikiwa baiskeli. Sisi tunasema, kiongozi wa umma huu alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa mwili wake mwenyewe.

Na tujiulize: katika nyumba zetu nani anayebaki nyuma? Mara nyingi ni mama. Baba ana miguu ya kwenda msikitini mara tano, watoto wana mpira wao mtaani, lakini mama huzunguka baina ya jiko na chumba, kisha huambiwa kwamba kazi za nyumba zinamtosha kuwa mazoezi. Miaka ikipita, magoti hugoma, sukari hupanda, na presha huja kuishi nyumbani kama mgeni asiyeaga. Hapo ndipo familia hukumbuka kwamba mama alikuwa na mwili.

Je, binti aende?

Sasa tulifikie lile la pili. Tutasema wazi kwamba hukumu ya mtu mahsusi hutolewa na mwanachuoni anayeijua hali yake, na Iowa haikosi Waislamu wa kuulizwa. Katika mji wa Cedar Rapids wa jimbo hilohilo uko msikiti uliojengwa mwaka 1934, na ndio mkongwe kuliko yote iliyosalia Marekani iliyojengwa tangu mwanzo kwa nia ya kuwa msikiti. Binti ataweza kuwatafuta wanachuoni wa huko. Lakini mizani ya jumla tunaweza kuieleza.

Kwanza ni suala la maharimu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kauli iliyo mashuhuri ni kwamba safari isiyokuwa ya faradhi mwanamke huifanya pamoja na mumewe au maharimu wake, na kwa Hija ya faradhi maulamaa wameruhusu afuatane na kundi la wanawake waaminifu. Wako maulamaa wa zama za karibuni walioitazama sababu ya hukumu hiyo, ambayo ni amani ya mwanamke, wakapanua wigo pale amani inapothibiti. Hatuwatukani hawa wala hatuwapuuzi wale. Ila kwa safari ya siku saba ya kulala mahemani miongoni mwa maelfu ya wageni, ambako pombe nayo huuzwa njiani, sisi tunaona tahadhari ni bora: afuatane na kaka, baba, mume au ami yake. Na tunaongeza jambo moja: baba au kaka anayesema binti asiende bila maharimu, naye ajitayarishe kununua baiskeli.

Pili ni mavazi. Hapa ndipo tunapomrejesha yule mzee wa miaka 83. Alivuka jimbo zima akiwa amejifunika mwili kwa nguo ndefu, kwenye joto. Baiskeli ya kike isiyokuwa na chuma cha juu ilibuniwa tangu karne ya 19 kwa ajili ya wanawake waliovaa magauni marefu, na wakati huo ikawekewa kikinga cha cheni na wavu kwenye gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Gauni pana linalofika chini ya magoti juu ya suruali isiyobana, mtandio uliofungwa vizuri chini ya helmeti, na kitambaa chepesi kinachokauka haraka, vinatosha kwa sharia na kwa usalama. Buibui refu linaloburura lisipandiwe baiskeli, kwa sababu likinaswa na cheni litamwangusha.

Tatu ni sala. Wahenga walisema msafiri kafiri, wakimkusudia yule anayezisahau ibada na watu wake akishatoka. Sharia imetangulia kumwokoa msafiri na sifa hiyo kwa kumpa ruhusa. Safari ya marhala mbili, ambazo wengi hukadiria kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80, humruhusu kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, maadamu safari ni ya halali na hakukusudia kukaa mahali pamoja siku nne kamili. Huko Iowa mwishoni mwa Julai jua huzama baada ya saa mbili za usiku, na Adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana. Kwa hivyo anayeondoka mara tu baada ya Alfajiri ana muda mrefu wa kukanyaga kabla ya sala inayofuata. Kibla cha huko kinaelekea kaskazini mashariki. Mswala mwepesi na chupa ya maji ya udhu havimlemei mtu.

Nne ni chakula. Iowa inaongoza Marekani kwa mahindi, na inaongoza pia kwa ufugaji wa nguruwe. Mahindi ya kuchemsha, matunda na maziwa atayapata kila mji. Kilichokaangwa aulize kwanza kimekaangwa kwa mafuta gani.

Tano ni maandalizi. Ikiwa zimebaki wiki tatu na binti hajawahi kukanyaga hata kilomita 20, basi jawabu ni hapana, hata kama ana maharimu saba.

Yakitimia haya, na aende kwa Bismillahi, na mama amwombee dua ya msafiri badala ya kumpigia simu kila saa akiwa barabarani. Na yasipotimia, asihuzunike, maana krediti ya mazoezi ina milango mingi. Katika vyuo vya huko kuna kozi za kutembea, kuogelea, na hata kulenga shabaha kwa upinde, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amelihimiza. Achague iliyo karibu na stara yake. Lakini tunamnasihi mama kwa jambo moja, nalo ni zito kwetu kuliko yote yaliyotangulia: asimwambie binti yake akaombe barua ya kusamehewa mazoezi kwa kuwa yeye ni Muislamu. Barua hiyo humfundisha binti kwamba dini yake imeuachilia mwili wake, na humfundisha mwalimu wake kwamba Uislamu ni udhaifu. Yote mawili si kweli.

Krediti yetu sisi

Wengi katika wasomaji wetu hawatafika Iowa. Lakini ni nani kati yetu asiyeomba kufika Makka? Tunasoma katika jedwali la masomo ya watoto wetu vipindi vya mazoezi, na tunajua jinsi vipindi hivyo vinavyomezwa na hesabu na sayansi mtihani unapokaribia. Kisha msichana yuleyule aliyenyimwa kipindi akiwa na miaka 12 huwa mama, halafu bibi, na akiwa na miaka 60 Mwenyezi Mungu humjaalia nauli ya Hija. Sai baina ya Safa na Marwa, mara saba, ni zaidi ya kilomita tatu. Tawafu inayofanyiwa ghorofa za juu ni ndefu kuliko ya chini mara nyingi. Kutoka Mina hadi Arafa ni kilomita zisizopungua 10. Wanaosukumwa kwenye viti vya magurudumu kwa sababu ya maradhi wana udhuru wao na malipo yao kamili, Inshallah. Lakini wapo wanaosukumwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba maandalizi ya Hija ni pamoja na magoti.

Basi na tuige hesabu ya wale wanachuo. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Aanze mama na dakika 20, siku nne za wiki, kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza lakini usiomwezesha kuimba kasida. Kila wiki aongeze moja ya kumi. Kufikia wiki ya nane atakuwa karibu na dakika 40 kwa siku, na dakika 150 zitakuwa zimetimia. Kufikia wiki ya 15, akiendelea hivyo, saa moja na zaidi haitamshinda. Mwenye sukari, presha au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Na kila siku aandike katika daftari: tarehe, dakika, na aliyefuatana naye.

Wakati uko: baada ya Alfajiri kabla jua halijakaza, au baada ya Alasiri ufukweni maji yakipwa. Mahali papo: kina mama watatu wa mtaa mmoja wakitoka pamoja kule Mama Ngina au kwenye njia ya shamba, hakuna atakayewasumbua. Na wamteue mmoja wao awe kiongozi, na mwendo uwe wa yule aliye dhaifu zaidi. Mwenye baiskeli aipande. Ndugu zetu wa Unguja, katika vijiji vya pwani ya mashariki, wamezoea kumwona mwanamke mwenye mtandio akiendesha baiskeli, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Akina baba nao wana sehemu yao. Anayetaka mkewe atembee awashike watoto kwa dakika 40, aoshe vikombe vya chai, au afuatane naye, kama alivyofuatana aliye mbora wa waume na mkewe jangwani. Na walimu wa madrasa zetu wawape wasichana, kama wanavyowapa wavulana, nafasi ya kukimbia uani kabla ya darasa, kwa stara iliyopangwa. Mtoto aliyekimbia dakika 10 huketi akahifadhi vizuri zaidi kuliko aliyeletwa kutoka kitandani hadi mkekani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie nguvu nyoyo zetu na viungo vyetu katika kumtii, amhifadhi binti wa mama aliyetuuliza popote atakapopita, na atujaalie sote kuiona Nyumba yake tukiwa tunatembea kwa miguu yetu wenyewe. Amin.